Mayai na Kipara cha Baba

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Esteri alifungua banda la kuku. Kuku hao waliitwa wake, ingawa mayai yao karibu yote yalikwenda sokoni Kasulu mjini. Aliwajua mmoja mmoja. Alimjua yule mkaidi aliyetaga migombani badala ya bandani, na alimjua jogoo aliyewika wakati wowote alipojisikia. Akishaokota mayai na kufagia uwanja, aliteremka njia ya Heru Juu kwenda shuleni huku akiimba.

Mwaka huo aliimba kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu mama yake, Uwimana, alikuwa mjamzito. Esteri alikuwa mtoto wa pekee. Alikuwa amechoka kuwaambia kuku siri zake, kwa kuwa kuku hawajibu. Alimtaka mdogo wake huyo kuliko kitu kingine chochote duniani, na aliomba kila siku azaliwe salama.

Ndipo bibi yake, Niyubahwe, mama mzazi wa baba, alipofika kutoka Murungu, wilaya ya Kibondo, ili amsaidie mkwe wake kazi. Alikuja na mzigo wa maharage na mzigo mkubwa zaidi wa makatazo.

"Uwimana, usisimame mlangoni. Mtoto atakwama siku ya kutoka! Kamba ya mbuzi usiivuke, kitovu kitamzunguka mtoto shingoni. Na yai, mwanangu, yai usiliguse kabisa. Ukila yai utazaa mtoto mwenye kipara!"

"Sawa, mama," alijibu Uwimana kwa adabu, maana mama mkwe habishiwi.

Kisha bibi akamvuta Esteri kando. "Mwana wanje," alisema kwa Kiha, maana yake mtoto wangu, "mimi macho yangu yamezeeka. Wewe ndiye utakayemlinda mdogo wako."

Esteri alivimba kichwa. Tangu siku hiyo alimfuata mama yake kama askari. Mama akisimama mlangoni kupunga upepo, Esteri alimsogeza. Mama akikaribia kamba ya mbuzi, Esteri aliwahi kumhamisha mbuzi, na mbuzi mwenyewe akachoka kuhamishwa.

Jioni walikaa jikoni wakila ugali wa muhogo, na bibi aliwachekesha kwa habari za zamani. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa habari ya kuzaliwa kwa baba yake Esteri, Mzee Ildefonsi.

"Huyu mnayemwona ana nywele nyingi hivi," bibi alisema akimnyooshea mwiko, "alizaliwa hana hata unywele mmoja! Kichwa kinang'aa utadhani kibuyu kilichopakwa mawese. Mkunga alimfunika kitambaa wageni wasishtuke!"

"Aa, mama nawe! Mbele ya mtoto?" baba alilalamika huku akicheka. Walicheka wote, Esteri akicheka mpaka akapaliwa.

Jumamosi moja Esteri aliingia jikoni ghafla akamkuta mama yake anamenya yai la kuchemsha. Mama alikuwa amekonda uso, na viganja vyake vilikuwa vyeupe. Siku hizo alichoka hata kwa kupanda kilima kidogo.

"Mama, usile!" Esteri alipiga kelele. "Unataka mtoto awe na kipara?"

Mama alilitazama yai, akamtazama binti yake, kisha akashusha pumzi. "Basi lichukue wewe."

Esteri alilila lote, tena kwa chumvi. Bibi aliposikia alimsifu sana, na Esteri akalala amefurahi.

Siku chache baadaye walikuwa shambani wakivuna maharage. Mama aliinuka kuweka mzigo kichwani, akayumba, akakaa chini pu! Alisema dunia nzima ilikuwa inamzunguka. Kwa bahati kijana wa bodaboda aitwaye Bazilio alikuwa anapita. Alimpakia mama, akampeleka taratibu kwenye zahanati. Esteri na bibi walifuata kwa miguu. Bibi alipandisha kitenge chake magotini, akatimua mbio hata Esteri akaachwa nyuma.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Mwanaamina, mzaliwa wa Ujiji, mwanamke mwenye kicheko kikubwa. Siku hiyo, baada ya kumtoboa mama kidole na kupima damu, hakucheka.

"Mtoto anaendelea vizuri, moyo wake nimeusikia," alisema. "Ila wewe, mama, damu yako imepungua sana. Siku ya kujifungua kila mwanamke hupoteza damu. Ukifika siku hiyo hivi ulivyo, itakuwa hatari kwako na kwa mtoto. Nyumbani mnafuga nini?"

"Kuku," Esteri alijibu.

"Vizuri! Na mayai anakula nani?"

 Bibi alijikohoza. "Mjamzito hali yai, mwanangu. Mtoto atazaliwa na kipara. Ninyi watu wa ziwani labda hamjui, lakini sisi wa huku juu tunajua."

 Esteri alilikumbuka lile yai alilolila kwa chumvi. Machozi yalimtoka. "Ni mimi," alisema. "Mama alitaka kula, mimi nikamkataza. Nilidhani namlinda mdogo wangu."

Mwanaamina alimshika bega. "Hukufanya kwa ubaya, mwanangu. Uliambiwa, ukaamini."

Esteri alipangusa macho. Kisha jambo fulani likamjia akilini, akamgeukia bibi yake.

"Bibi, ulipokuwa na mimba ya baba, ulikula mayai?"

"Mimi?" bibi alishtuka. "Haki ya Mungu, tangu nizaliwe sijatia yai mdomoni!"

"Sasa baba alikipata wapi kipara?"

 Wa kwanza kucheka alikuwa mama, pale pale kitandani. Mwanaamina akafuata kwa kile kicheko chake, mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakachungulia dirishani.

"Yoo!" bibi alisema hatimaye, naye anacheka. "Miaka yote hii nasimulia, na sijajiuliza!"

"Wewe ulikatazwa na nani, bibi?" aliuliza Mwanaamina.

"Mama mkwe wangu. Mayai yalikuwa ya baba mkwe na wageni wake." Bibi alijipiga paja. "Ego, ndiyo! Sasa naona waliokuwa wakinufaika."

Mwanaamina aliwaeleza kwa upole. Nywele za mtoto hutokana na wazazi wake, si chakula. Kitovu humzunguka mtoto kwa sababu mwenyewe hugeukageuka tumboni, si kwa sababu ya kamba ya mbuzi. "Na mlangoni simama tu," aliongeza, "ila wapishe wanaopita." Alimpa mama vidonge vya kuongeza damu na kumwambia asivimeze kwa chai, kwa kuwa chai huvipunguzia nguvu. Akamwambia ale mayai, dagaa, maharage na mboga za majani, ahudhurie kliniki bila kukosa, na akajifungulie kituo cha afya.

Tangu siku hiyo nyumba ilipata askari wawili. Esteri alikumbusha vidonge, na bibi alisimama na mwiko mpaka mama amalize yai lake. Siku moja bibi alionja kipande kidogo. Alitafuna polepole, akafumba macho.

"Kumbe!" alisema kwa hasira. "Wanaume walikuwa wanafaidi hivi!"

Rangi ya mama ilirudi. Kila alipopimwa, damu ilikuwa imepanda. Hatimaye alijifungua salama mtoto wa kike mwenye afya na sauti kali. Esteri alipopewa kumshika, alilia kwa furaha. Kisha akafunua kitambaa, na akabaki ameduwaa.

Mtoto hakuwa na hata unywele mmoja.

Majirani na watoto wao walijaa nyumbani na ndizi na unga. Mmoja wao, mama wa makamo aliyefuatana na mkwewe mjamzito, alinong'ona kwa sauti ya kusikika. "Si mnaona? Alikula mayai huyu!"

Esteri aliogopa. Alidhani bibi atarudia makatazo yake. Lakini bibi alimchukua mtoto, akampeleka kando ya baba, akawatazama majirani wote.

"Kipara hiki si cha mayai," alisema. "Hiki ni cha Ildefonsi, na mimi nilimzaa bila kuonja yai! Kazi ya mayai ni hii hapa: mama yake amesimama, anacheka. Mjukuu wangu ameniuliza swali moja tu likaiokoa nyumba hii. Watoto, mtu akiwakataza jambo, mwulizeni sababu kwa adabu, hata kama ni mimi. Na la afya mkamwulize aliyesomea."

Kisha akamgeukia yule mkwe mjamzito, aliyekuwa amekonda uso.

"Esteri, mwana wanje, kimbia bandani. Mletee huyu mwenzetu mayai."

Esteri alikwishafika nusu ya uwanja, anaimba.