Kiganja Juu ya Mkanda

Nilikuwa nakata sukuma wiki, giza likianza kuingia Woodley, Peres aliposimama mlangoni bila kubisha.

"Mama Nzisa," akanong'ona. "Ile mashine inasaga."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Stima ilipotea mchana. Mtaa mzima."

Nikaweka kisu chini. Mume wangu, Masila, alikuwa huko kwenye kinu cha posho. Peke yake.

Peres ni dada ya Zedekiah, aliyesaga hapo kabla ya Masila. Mkanda ulimnasa mkono, ukamvuta hadi kwenye gurudumu, akafa papo hapo. Watu wao walitoka magharibi wakaja na tawi la mti kuiita roho yake irudi nyumbani, maana kwao roho huitwa pale ilipouacha mwili, na anayeita ni wa damu. Siku hiyo foleni ya wateja ilikuwa ndefu. Masila hakuzima mashine. Wakaita jina, kelele ikalimeza.

Mimi na Peres tulipokaribia kinu nikasikia harufu ya mpira ulioungua... na ya kitu kama nyama.

Ndani, magurudumu yalikuwa yakizunguka. Mkanda uliokuwa ukipigapiga kila siku ulipita kimya, umenyooka. Masila alikuwa amelaza kiganja juu yake.

"Toa mkono."

"Nikitoa utatetemeka," akasema polepole. "Utaruka uniue. Nikiushika unatulia, kama mtoto mwenye homa."

"Nani amekuambia uushike?"

Akatazama kando yake, mahali pasipokuwa na mtu.

Nikamkumbatia kiunoni kwa nyuma, nikamvuta kwa nguvu zangu zote.

Mkanda ukayumba. Ukapiga ukuta... pa... pa... pa. Kisha ukachomoka, ukaanguka miguuni petu.

Kimya.

"Peres," nikanong'ona. "Kumetulia. Mwite kaka yako sasa."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Alikuwa ametoroka.

Nyumbani nilikifunga kile kiganja kwa kitambaa, nikasonga ugali. Nilipopakua nikawahesabu, watoto na baba yao. Masila. Nzisa. Muindi. Mimi. Wote tupo.

Ndipo mchuzi ukaanza kutetemeka kwenye bakuli.

Mkono wa Masila ulikuwa ukipiga meza... pa... pa... pa. Mwenyewe alikuwa akiutazama kama si wake.

Nikaushika. Ukatulia.

Nikaulegeza kidogo. Pa.

Nzisa akataka kuuliza. Nikamwangalia, akainamia sahani yake.

"Kuleni," nikawaambia, nami nikamega ugali kwa mkono wa kushoto.