Wao Wametusoma

Alichokiona kwanza binti wa stoo ni viatu vya yule mgeni: kimoja kimefungwa kwa kamba nyeusi, kingine kwa kamba ya kahawia. Mwenye viatu alisimama katikati ya msukumano wa wateja wa duka la vipuri, daftari mkononi, wala hakununua hata nati.

"We kaka, unanunua au unatuhesabu?" Shangazi, mwenye duka, alimuuliza.

"Nafundisha chuo kikuu, mama. Masomo ya kanda. Tunaisoma sehemu moja ya dunia kwa karibu, lugha yake, masoko yake, historia yake, ili tujue dunia inaelekea wapi."

"Basi muulize huyu. Ndiye anayefungua maboksi."

Binti aliinamia kisu chake. Aliona aibu, lakini swali hilo la dunia inaelekea wapi alikuwa amelifikiria siku nyingi.

"Zamani maboksi yote yalikuwa na maandishi ya aina moja," alisema polepole. "Siku hizi ni aina tatu. Na wanaotuuzia huko mbali wanapiga simu kwa Kiswahili. Wao wametusoma. Sisi hatujawasoma."

Mwalimu aliacha kuandika, akamtazama. Kesho yake alirudi. Mwezi haukuisha, simu zikaanza.

"Umekula, Bibi Stoo?"

"Bado, Profesa wa Nati."

"Kula basi, mpenzi. Jumamosi nina mhadhara. Njoo."

Alikwenda. Alivaa gauni la bluu alilolipiga pasi mara mbili, akaketi safu ya nyuma.

"Kama alivyoniambia mwanamke mmoja wa dukani, asiye na elimu," Mwalimu alisema mbele ya ukumbi mzima, "wao wametusoma."

Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Binti akatoka. Simu akaizima siku nane.

Siku ya tisa Mwalimu alitokea dukani, macho mekundu.

"Leo unanunua?" Shangazi aliuliza.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Hiyo siuzi mimi. Pita nyuma, kaombe mwenyewe."

Alimkuta kati ya maboksi, mikono imejaa grisi.

"Nilikuwa nakusifia, mpenzi."

"Kunisifia, au kunivua nguo mbele za watu?"

Mwalimu aliketi juu ya boksi. "Nimekosa. Mhadhara wote ulisimama juu ya maneno yako, nami nikakufanya kichekesho. Mwezi ujao naurudia. Nataka kusema ni maneno ya mchumba wangu, ukikubali."

"Usinipose kwa kipaza sauti."

"Basi nakuposa hapa, kwenye grisi."

Binti alijikuta anacheka bila kutaka. Kisha akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Kukupenda nakupenda. Lakini sitaki kuwa mtu wa kutajwa tu kwenye mihadhara yako."

"Unataka nini?"

Tangu alipotolewa darasa la tano akalee wadogo zake, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na jibu alilimeza miaka yote. Safari hii hakuinamisha uso.

"Nataka kusoma."