Zamu ya Mwashi

"Sema, zamu ya mume wangu umemuuzia nani?"

"Dada, kompyuta hii hainiruhusu kumrusha mtu mbele ya foleni. Nikwambie mara ngapi?"

"Dada yako nani?"

Inspekta aliingia kati yao kwa bega. "Mama, kaa chini. Ukimng'oa nywele mpokezi huyu nitakuwa na kesi mbili."

Maiti ya mumewe, mwashi, ilikuwa juu ya machela, mlangoni mwa kitengo cha figo, imefunikwa shuka. Viatu vyenye saruji vilichungulia chini. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya mashine ya kusafisha damu. Asubuhi jina jingine likatokea juu ya lake. Amekufa akisubiri.

Inspekta alimgeukia mpokezi. "Mrushe mtu, nione."

Mpokezi alichagua mgonjwa mwenye nafuu, akabonyeza. Skrini ikakataa: mahututi hutangulia. Akarudia. Ikakataa.

"Basi jina halikupita hapa. Nani mwingine?"

"Labda fundi aliyetengeneza programu. Yuko ghorofani."

Fundi aliletwa na jibu lake mdomoni. "Hitilafu tu, afande. Kompyuta ni kompyuta."

"Ya huyu imekataa mara mbili. Lete simu unayofanyia kazi."

Alisita. Inspekta alingoja, kiganja wazi, kama mama anayetaka mtoto ateme alichookota.

Programu ileile ilikuwa kwenye simu. Inspekta alimwamuru fundi amtangulize mgonjwa yuleyule. Ikakubali papo hapo. Akamwamuru amrudishe, kisha akaitia simu kwenye mfuko wa vielelezo.

"Kanuni ya mahututi umeiweka wapi?"

"Kwenye skrini za mapokezi."

"Tu?"

"Tu."

"Ilipaswa kukaa wapi?"

"Kwenye seva, kompyuta kuu ya katikati. Kila ombi hupita huko, liwe la simu, liwe la mapokezi."

"Hukujua?"

"Nilijua. Mwenzangu alinisema, nikamwambia tutaihamisha baadaye."

"Umetia kufuli kwenye picha ya mlango, mlango wenyewe ukauacha wazi. Ulimwachia nani?"

Fundi aliutazama mfuko wa vielelezo.

"Jina lililopanda asubuhi ni la nani?"

"Mama yangu. Nilipokuwa nikiandika programu, miguu yake ilishaanza kuvimba. Lakini si mahututi. Nilijua kila siku mahututi wangemtangulia. Nikajiwekea njia. Sikudhani mtu angekufa."

"Unamruka mahututi, ulidhani atapata mafua?"

Mjane aliuliza taratibu, "Na kesho?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Kesho pia nimeshamtanguliza."

Inspekta alimtazama daktari wa zamu aliyesimama kando ya machela. Daktari akaitikia kwa kichwa. Inspekta akamvutia fundi kiti mbele ya kompyuta.

"Hamisha kanuni kwenye seva. Sasa, mama huyu akiona."

"Afande, mama yangu atashuka chini kabisa."

"Atashuka mpaka panapomstahili. Andika."

Aliandika. Vidole vikakosea, akafuta, akaandika upya. Foleni ikajipanga. Jina la mama yake likashuka, likashuka tena, likatoweka chini ya kioo.

Inspekta alimtia pingu kabla hajainuka kitini.