Sweta la Mtu Aliyekanwa

Fundi Adventina wa kijiji chetu cha Murukulazo hakuwahi kuota kwamba masweta yangemfuata mpaka Ulaya. Jirani yetu huyu alikuwa mwanamke wa kibaraza kimoja na mashine moja ya kufumia, mwenye wateja wasio na subira kila shule zinapokaribia kufunguliwa. Lakini mdogo wake Clotilda aliolewa na Mholanzi, akajifungua mapacha, akamtumia dada yake tiketi aende kumsaidia kulea. Tulimsindikiza hadi Lusahunga kupanda basi, tukimtania asije akarudi anakula ugali kwa uma.

Siku moja huko, Clotilda alimpeleka kutembea kwenye kijiji cha zamani cha wavuvi, mahali watalii wanapokwenda kushangaa. Adventina naye alishangaa vya kutosha. Nyumba za mbao za rangi ya kijani zimebanana kama watu wanaosikia baridi. Watu wanamshika samaki mbichi mkia, wanainua kichwa, wanamtelemsha kooni. Alivalishwa viatu vya mbao, akapigwa picha, akacheka mpaka machozi kwa jinsi vilivyolia ko, ko, ko kwenye mawe. Picha ile akaituma nyumbani, na mumewe Gozbert akamjibu, "Mama Kezia, hivyo usije navyo, utaniamshia majirani."

Mwishoni waliingia nyumba ya bibi mmoja aliyeitwa Aaltje, ambaye huwaonyesha wageni vitu vya wazazi wake. Alikuwa mzee sana, na juu ya jicho lake la kushoto mfupa ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyoangushwa. Adventina akapiga goti kidogo, akamwamkia, "Shikamoo." Bibi hakuelewa neno lakini heshima aliiona, akawapa viti na chai.

Ukutani yalining'inia masweta ya sufu ya wavuvi wa zamani. Hapo Adventina akasahau chai. Bibi alieleza, Clotilda akatafsiri: kila nyumba ilikuwa na nakshi yake kifuani, kwa sababu bahari ikimrudisha mtu baada ya majuma, uso unakuwa umeliwa na samaki. Wanaoitwa kumtambua wanatazama kifua.

Sweta moja lilikuwa tupu kifuani. Adventina alilipapasa, vidole vyake vikamwambia mambo. "Hili lilifumuliwa, likafumwa upya," akasema. "Na aliyelifuma mara ya pili alikuwa na hasira. Tazama uzi ulivyokazwa."

Bibi Aaltje akaja kusimama karibu naye. "Ni la baba yangu," akasema. "Mama aliifumua nakshi kabla baba hajaenda baharini mara ya mwisho. Alipookotwa pwani ya mbali, mama akaitwa. Akamtazama, akasema, 'Simjui.' Wakamzika bila jina. Sweta lilihifadhiwa na waliomzika, likanirudia baada ya miaka mingi."

"Kwa nini mama alimkana?" Adventina akauliza.

Bibi akagusa lile bonde kwenye paji lake, akasema chai inapoa. Kisha akauliza kama kwao kuna bahari. Adventina akajibu hakuna, kuna milima na migomba tu. Bibi akalitungua sweta, akamwekea mapajani.

"Chukua. Mimi nakaribia kufa, na sitaki libaki karibu na maji. Ila kifua usikiguse. Usirudishe alichokitoa mama."

Kwetu zawadi ya mzee haikataliwi. Adventina akaipokea kwa mikono miwili. Na alipokuwa akitoka, kwa tamaa ya ufundi tu, akaipiga kwa simu yake picha ya zamani ya yule baba iliyotundikwa mlangoni: mtu mpana, ndevu, na kifuani mistari kama mifupa ya samaki ikizunguka jicho moja kubwa.

Nieleze mapema, asije mtu akasema Adventina ni mkaidi. Kaka yake Wiston alizama mto Ruvubu wakiwa vijana, maji hayakumtoa, wazazi wakakata mgomba wakauzika badala ya mwili, na mama yao alikufa akiutazama mto. Kwa mtu wa namna hiyo, maiti kupatikana halafu ikakanwa na mkewe ni ukatili usiosemeka. Alimwonea huruma yule mzungu asiye na kaburi lake. Basi aliporudi nyumbani alikaa kibarazani na sindano za mkono, akafumua kifua, akairudisha nakshi yote, mfupa kwa mfupa, na jicho katikati. Lilipendeza kweli. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Akampa Gozbert. Huyu alikuwa akitoa mizigo forodhani Rusumo na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Alikuwa mpole kupita kiasi. Hata kuku wa sikukuu aliwaachia majirani wachinje, yeye akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Asubuhi za Juni milima yetu ina baridi ya kukata mifupa. Alilivaa sweta kwa furaha, akamshukuru mkewe.

Hakulivua tena.

Kwanza ilikuwa harufu, ya chumvi na samaki waliooza, katika nyumba ambayo haijawahi kuona bahari. Kisha sweta likawa bichi. Gozbert aliota jua kutwa nzima na bado maji yalidondoka kutoka mikono ya sweta. Adventina alimsihi alivue lianikwe. Mumewe alimtazama tu, kwa macho ya mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

Halafu binti yao Kezia, aliyekuwa kidato cha pili, akamnong'oneza mama yake jikoni. "Mama, baba amevaa nini miguuni?"

"Kandambili. Kwani?"

"Sikiliza."

Gozbert alikuwa akivuka ua wa udongo. Ko. Ko. Ko.

Jumamosi iliyofuata, jua likiwaka, Adventina alirudi kutoka shambani akakuta manyoya yametapakaa ua mzima. Kuku wote walikuwa wamenyongwa. Vichwa vilikuwa vimezungushwa mpaka vikang'oka, na damu imerukia ukutani hadi juu ya dirisha. Gozbert ameketi katikati yao, mikono myekundu mpaka viwiko, anacheka kwa sauti nene isiyo yake.

Adventina akajificha kwenye shamba la kahawa, akampigia simu mdogo wake. Clotilda akamtafuta Bibi Aaltje kwa simu, kisha akapiga tena akilia.

"Dada, kifua umekigusa?"

Adventina akaanza kueleza habari za Wiston.

"Umekigusa! Yezu na Maria! Bibi anasema walikuwa wasichana wawili. Baba yao aliwapiga kwa kiatu cha mbao; mdogo wake Bibi akafa, Bibi akapona na lile bonde kwenye paji. Ndiyo maana mama yao alimkana. Anasema, asipotambuliwa hawezi kurudi. Wewe umemtambulisha. Kifumue, dada! Na akikuuliza, umkane!"

Simu ilikuwa bado sikioni Kezia, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kisimani, alipopiga yowe jikoni.

Adventina alikimbia. Mlango wa jikoni ulikuwa umepasuliwa. Kezia yuko chini, sikio limechanika, damu inamfunika uso. Mkono wake mmoja umepindia upande usio wake. Gozbert ameinua mchi. Anapumua kama mtu aliyetoka majini. Maji yanamtoka mdomoni, meusi, yenye magamba.

Mchi ukashuka. Kezia akajiviringisha. Mchi ukapasua chungu.

Adventina akamrukia mgongoni. Akatupwa ukutani, akasikia mbavu zinalia. Akainuka. Akapigwa ngumi ya uso, meno mawili yakamjaa mdomoni, akayatema. Lakini ile kazi aliifanya yeye, alijua uzi unaanzia wapi. Kidole chake kikalikuta fundo, begani. Akaling'ata. Likakatika.

Akavuta.

Kifua kikaanza kufumuka. Gozbert akanguruma, akamwacha mtoto, akamgeukia. Adventina akajizungushia uzi mkononi, akakimbia.

Alikatiza migomba akishuka bondeni, uzi umekazwa nyuma yake. Ko, ko, ko kwenye udongo laini usiolia. Mchi ukapita karibu na kichwa, ukaukata mgomba. Uzi ukamchana kiganja mpaka akaona weupe ndani. Hakuuachia. Mstari mmoja ukatoka. Mwingine. Mifupa ya samaki ikafumuka upande wa kulia, ikafumuka upande wa kushoto.

Njia ikaisha ukingoni mwa Ruvubu.

Akageuka. Gozbert amesimama mbele yake, kifua ni wazi na nyama zinaonekana, maana sufu ilikuwa imeota kwenye ngozi na sasa ilikuwa inang'oka nayo. Limebaki jicho. Jicho tu, katikati, limening'inia kwa nyuzi chache. Mikono yake ikamshika Adventina shingoni. Ikabana. Ile sauti nene ikauliza, kwa Kihangaza, lugha yetu, safi kama cha watu wa Murukulazo, "Mimi ni nani?"

"Sikujui," Adventina akasema.

Mikono ikalegea. Uso ukabadilika. Ndevu nene, ambazo Gozbert hakuwahi kuwa nazo, zikatoweka usoni. Macho yakawa yale ya mtu anayekwenda nyuma ya nyumba kuku akichinjwa.

"Mama Kezia," akanong'ona Gozbert, kwa sauti yake mwenyewe. "Ni mimi. Naumia."

Adventina akatazama kifua. Jicho bado lilikuwapo. Lilikuwa limefumba.

Alimpenda mume wake, hilo tunalijua wote, na kwa miaka yote ya ndoa yao hatukuwahi kusikia sauti ikipanda katika nyumba ile. Lakini juu kilimani mtoto alikuwa akiita, "Mama, mama," na kila alipoita vidole vya mikono ile vilikuwa vikicheza kidogo, kana kwamba vinatafuta mchi.

"Sikujui," akasema. Akavuta uzi kwa nguvu zake zote.

Jicho likatoka na nyama. Gozbert akayumba, akampita mkewe hadi majini, mdomo wazi, akijitazama kifuani. Akanyoosha mkono. Adventina hakuupokea. Mto ukamchukua.

Sisi tuliposikia yowe na kukimbilia kule, tulimkuta amekaa ukingoni, uzi umemzunguka mikono yote miwili, mweusi kwa damu. Kezia tulimbeba hospitali. Aliishi. Mkono wake haujanyooka mpaka leo.

Baada ya majuma, maporomoko ya Rusumo yaliutoa mwili. Polisi wakamwita Adventina. Uso haukuwapo. Kifuani hapakuwa na kitu cha kumtambulisha mtu yeyote; lilibaki kovu dogo begani tu, ambalo Gozbert alilipata utotoni kwa jembe, na mkewe alikuwa akilijua kama anavyojua kiganja chake.

"Mama, ni mumeo?" askari akauliza kwa upole.

Kezia alikuwa amesimama nyuma yake, mkono umefungwa.

"Simjui," akasema Adventina.

Wakamzika bila jina. Mashemeji walitaka angalau wazike mgomba nyumbani. Akausimamia mlango na panga, akakataa. Tangu hapo wanamwita mchawi aliyemuua mume wake, na hapa kijijini hakuna tena anayempelekea kazi. Hajibu. Anapokwenda misani anakaa benchi la nyuma. Amezeeka kwa haraka, na akiuliza mtu habari za Gozbert, analia waziwazi bila kujifuta, machozi yakimtambua mtu ambaye mdomo ulimkana.

Mashine aliiacha na kuifunika kwa kanga. Januari hii Kezia alihitaji sweta jipya la shule, fedha ya kununua ikakosekana, na bado Adventina alikuwa hajaigusa. Asubuhi ile nilikuwa nimekwenda kumjulia hali. Tulikuwa kibarazani, jua limeshatoka, uji uko mezani. Kezia akatoka chumbani akivuta sare yake, akasimama kwenye mashine, akainua kanga kuona.

"Mama, asante," akasema akitabasamu. "Kumbe umeshanianzia? Mbona limelowa?"

Adventina hakuwa na uzi nyumbani. Hakuwa amenunua hata kidogo.

Kwenye sindano za mashine lilining'inia sweta la sufu nzito, kipimo cha Kezia hasa, likidondosha maji kwenye sakafu. Mgongo ulikuwa umekwisha. Kifua kilikuwa kimefika katikati, na jicho lilikuwa limefumbuliwa.