Maneno Matano ya Bi Loretta

Kila Ijumaa ya msimu wa mpira, mji wa Tres Lomas hufunga kazi mapema. Kinyozi hufunga. Kiwanda cha kuchambua pamba hupunguza zamu. Watu huenda uwanjani kuwatazama vijana wa sekondari wakicheza mpira wa kuangushana, ule wa kuvaa helmeti na mabega ya plastiki. Na mbele ya kila nyumba yenye mchezaji husimama ubao wenye namba yake.

Mbele ya nyumba ya Leandro Cantú palikuwa na ubao wa namba 54. Hiyo ilikuwa namba ya mwanawe Efraín, kijana wa miaka kumi na sita. Zamani ilikuwa namba ya Leandro mwenyewe. Kila Agosti aliupaka ubao ule rangi upya, na mkewe Delfina alimtania kwamba ubao unapendwa kuliko yeye.

Ijumaa moja ya Oktoba, Efraín aligongana kichwa kwa kichwa na mchezaji wa timu pinzani. Alianguka. Akainuka. Kisha akatembea taratibu kuelekea benchi la timu ya wageni, akataka kukaa nao. Watu jukwaani walicheka, na Leandro alicheka pamoja nao. Delfina hakucheka.

Bi Loretta, mhudumu wa afya wa timu, alimkimbilia kijana akamkalisha chini. Alimvua helmeti, akaikalia. Aliwajua vijana wale. Ukiwaachia helmeti watarudi uwanjani kwa kunyemelea. Mchezo ukaendelea bila namba 54.

Kesho yake Efraín alisema kichwa kinamuuma na mwanga wa dirishani unamchoma macho. Daktari alimpima. Alisema ubongo umetikisika, kijana apumzike. Hatarudi uwanjani mpaka dalili ziishe na kipimo cha Bi Loretta kilingane na kile cha Agosti. Leandro aliposikia neno Agosti, alitazama pembeni.

Kipimo hicho kilikuwa hivi. Kila Agosti, kabla ya msimu, Bi Loretta alimwita kila mchezaji. Alimsomea maneno matano, kisha akamwambia ayarudie baadaye bila kuangalia popote. Alimwambia ahesabu kurudi nyuma. Alimsimamisha kwa mguu mmoja. Matokeo yaliwekwa kabatini. Mchezaji akigongwa, anapimwa tena na matokeo yanalinganishwa.

Na Agosti hiyo Leandro alikuwa amemfundisha mwanawe ujanja. Alimwambia asahau maneno mawili kwa makusudi na akosee hesabu kidogo. Hivyo hata akigongwa, alama zake hazitaonekana zimeshuka. Leandro hakuona ubaya wowote. Enzi zake kocha alikuwa anainua vidole tu na kuuliza ni vingapi, na timu nzima ilijua jibu ni viwili. Mtoto na baba walicheka sana siku ile. Delfina hakuambiwa.

Jumapili walikula tortiya, yaani chapati nyembamba, zenye mayai na viazi. Efraín alikuwa chumbani, mapazia yamefungwa.

"Mimi nimecheza miaka minne," Leandro alisema. "Nimegongwa weee. Si niko hapa?"

"Uko hapa," Delfina alijibu. "Jana umetafuta funguo nyumba nzima, na unazo mkononi."

"Huo ni uzee, mke wangu."

"Uzee wa miaka arobaini na moja?"

Leandro alicheka, lakini maneno yale yalimkaa rohoni.

Wiki ile alichanganyikiwa kabisa. Kiwandani walimwambia vijana siku hizi wamedekezwa, na hata kuendesha gari ni hatari. Akaona wana haki. Dada yake alipiga simu kutoka San Antonio, akasema mtoto wa jirani yake hawezi tena kusoma ukurasa mmoja bila kichwa kumuuma. Akaona naye ana haki. Padri alimkumbusha kwamba mpira umewatoa vijana wengi vijiweni. Na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu ulimtoa Leandro mwenyewe. Alilala akiwa na jibu moja, akaamka na lingine.

Juu ya yote hayo, Ijumaa inayofuata angekuja mtu wa chuo kikuu kuwatazama wachezaji na kuchagua wa kusomeshwa bure kwa ajili ya mpira. Alikuwa ametaja namba 54 kwa kocha. Chuo cha bure. Katika ukoo wa Cantú hakuna aliyewahi kukanyaga chuo.

Alhamisi mchana, wazazi wote wawili walimsindikiza Efraín kwenye chumba cha Bi Loretta. Kilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya dawa ya kuchua. Efraín alisema kichwa hakimuumi tena. Aliposema hivyo alikuwa amekunja uso kwa sababu ya taa.

Bi Loretta alimsomea maneno matano. Baada ya dakika chache alimwambia ayarudie. Efraín alitaja matatu. Alikaza macho, midomo ikacheza, lakini mengine hayakuja. Leandro alimtazama mwanawe. Safari hii hakuwa anaigiza.

Bi Loretta alifungua kabati, akatoa karatasi ya Agosti. "Matatu wakati ule, matatu leo," alisema. "Hesabu nazo zinalingana. Nitaipeleka kwa daktari. Akitia saini, kesho unacheza."

Efraín alimkonyezea baba yake jicho. Delfina alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Namshukuru Mungu," alisema. "Mimi nilikuwa sijui nimsikilize nani. Sasa nasikiliza karatasi."

Leandro aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akafikiria mtu wa chuo. Akafikiria kiwandani watasema nini. Kisha akaona mkono wa Bi Loretta unaingiza karatasi kwenye bahasha.

"Bi Loretta, usiipeleke," alisema. "Karatasi ya Agosti ni ya uongo."

"Baba, nyamaza," Efraín alisema.

"Nilimfundisha mimi. Nilimwambia asahau kwa makusudi. Leo hakusahau kwa makusudi."

Delfina alimgeukia mumewe. Alimtazama kwa namna ambayo Leandro angependelea kutukanwa.

Bi Loretta aliketi. "Si wewe wa kwanza kufanya hivyo," alisema. "Ila ni wa kwanza kuniambia."

"Lakini alivaa helmeti," Leandro alisema. "Tena mpya. Hilo ndilo nisilolielewa mpaka leo."

"Chukua yai ulitikise kwa nguvu. Ganda linabaki zima. Na kiini?" Bi Loretta aliuliza. "Helmeti inalinda fuvu lisipasuke. Ubongo uko ndani, nao unatikisika. Picha ya hospitali inaweza isionyeshe kitu. Ndiyo maana tunategemea dalili, tunategemea kipimo, na tunategemea mtu aseme kweli. Akigongwa tena kabla hajapona, anaweza kuumia vibaya sana. Ni nadra, lakini wapo waliokufa."

Alimweleza Efraín njia ya kurudi. Kwanza apumzike siku moja mbili, kisha arudi kwenye shughuli nyepesi na kutembea. Hali isipozidi kuwa mbaya, akimbie polepole. Baadaye mazoezi bila kugongana. Kila hatua ichukue angalau siku nzima, na dalili zikirudi, arudi hatua moja nyuma. Kugongana ni mwisho kabisa, kwa ruhusa ya daktari.

"Kwa hiyo kesho?" Efraín aliuliza.

"Kesho utakaa na sisi jukwaani," alisema Delfina.

Efraín alimtazama baba yake, macho yamejaa machozi. "Ulinifundisha wewe, halafu unanichoma wewe."

"Kweli," Leandro alisema. "Yote mawili ni mimi."

Ijumaa timu ilifungwa. Mtu wa chuo alikuja, akaandika majina ya vijana wengine wawili, akaondoka. Kiwandani watu walipunguza salamu kwa Leandro. Efraín hakuzungumza naye siku nne, akawa anaomba chumvi kwa kupitia mama yake.

Lakini kocha alisikia habari ile, akaamuru timu nzima ipimwe upya. Wachezaji kumi na mmoja, wote wazima, walipata alama kubwa kuliko za Agosti. Yaani Agosti walikosea kwa makusudi. Kumbe ujanja wa Leandro ulikuwa katika nyumba nyingi zenye ubao mbele. Akina baba wale hawakumwomba radhi, ila salamu zilirudi.

Katikati ya Novemba kichwa cha Efraín kilikuwa kimetulia. Alisoma kitabu, alicheka mezani, mapazia yakafunguliwa. Kuhusu msimu ujao, nyumba ilikuwa bado haijaelewana. Delfina alitaka ahamie mbio. Efraín alitaka namba yake. Leandro, akiulizwa, alisema hajui, na safari hii hakuona aibu kusema hivyo. Walikubaliana jambo moja tu. Wataamua pamoja na daktari, na kipimo hakitadanganywa tena.

Walirudi kwa Bi Loretta kwa kipimo cha mwisho. Leandro alikaa nyuma, kofia mapajani. Bi Loretta alisoma polepole: ndoo, limau, kengele, zulia, farasi. Kisha akamhesabisha Efraín kurudi nyuma, akamsimamisha kwa mguu mmoja.

"Haya, niambie yale maneno."

"Ndoo, limau, kengele, zulia, farasi," Efraín alisema bila kusita.

Delfina alipiga makofi. Efraín aligeuka kumtafuta baba yake, akitabasamu. Leandro hakuwa anatabasamu. Naye alikuwa amejipima kimoyomoyo. Alikuwa na ndoo. Alikuwa na limau. Baada ya hapo alitafuta, akatafuta, hakukuta kitu.

"Bi Loretta," alisema taratibu. "Na mtu wa miaka arobaini na moja anapimwa wapi?"

Bi Loretta hakucheka. Alichana kipande cha karatasi, akaandika jina la daktari na namba ya simu, akamwambia apige leo leo. Efraín alikuja kukaa karibu na baba yake.

Leandro alikikunja kile kikaratasi mara mbili. Alitaka kukitia mfukoni, kisha akampa Delfina amtunzie, asije akakisahau.