Niko, Mama Kapita

Katika shule ya bweni ya Tata Kabongo, pale ukingoni mwa mtaa wa wachimbaji wa Kasulo, siku ilianza kwa kuitwa majina. Kengele ililia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Wasichana walitandika vitanda, wakachota maji kwenye pipa, kisha wakajipanga mistari uani, mikono nyuma, sketi za buluu zikiwa bado na alama ya pasi. Mbelu Tshimanga, mwanafunzi wa darasa la sita na kapita, yaani kiranja mkuu, wa shule nzima, alisimama mbele yao na daftari. Kila aliyeitika aliwekewa nukta moja ya wino wa buluu, ndogo, safi, isiyogusa mstari. Wenzake walisema kwamba hata angesinzia, mkono wake ungeendelea kuweka nukta.

"Mukendi."

"Niko."

"Muteba."

"Niko, Mama Kapita."

Kicheko cha chini kilipita kwenye mistari, kama kila siku. Naomie Muteba, wa kumi na tisa katika daftari, alikuwa ameingia darasa lile lile la sita Januari, akitokea Fungurume. Baba yake aliendesha lori la shaba hadi mpakani, na mara nyingine mwezi mzima ulipita bila simu yake kupatikana. Maneno hayo mawili ya ziada aliyatamka kwa heshima kamili, kiasi kwamba Mbelu hakuweza kumwadhibu kwa hayo. Ndiyo maana yalimchoma.

Kilichomchoma zaidi kilitokea siku ya matokeo ya Pasaka. Desturi ya shule ni kuyasoma hadharani, mbele ya wazazi, kuanzia wa mwisho hadi wa kwanza. Tata Tshimanga, baba yake Mbelu, karani mstaafu wa mgodi, Mkasai wa ukoo ulioletwa zamani kwa kazi ya shaba, alikuwa na mazoea yake. Jina la binti yake likibaki peke yake mwishoni, alisimama kabla halijatajwa, akakaza tai. Alifanya hivyo miaka mitano. Pasaka hiyo pia alisimama, ingawa majina yalibaki mawili. Prefe Lukusa, mkuu wa shule, akasoma: "Wa pili, Mbelu Tshimanga." Mzee alibaki wima, mkono shingoni, ukumbi mzima ukimtazama, mpaka Naomie alipokwisha kwenda mbele na kurudi.

Walipoagana langoni alimwambia binti yake neno moja tu.

"Siku ingine uniambie mbele, mutoto. Nisisimame bure."

Juma lile lile Mbelu alianza kunong'ona. Hakusema uongo mkubwa. Aliuliza maswali tu. Juu ya nini Naomie hasomi jioni na anajua kila kitu asubuhi? Juu ya nini Tania, wa kitanda cha jirani, ameanza kusahau hesabu zake? Katika mji ule swali la namna hiyo halihitaji jibu. Kabla ya Aprili kwisha, wasichana walikuwa wanaamini kwamba Naomie ni mulozi, mchawi wa usiku, na kwamba anakula akili ya wenzake wanapolala. Waliacha kutumia ndoo aliyoigusa. Mama Jocelyne, mlezi wa bweni, alihamisha kitanda cha Naomie karibu na mlango na kuweka chumvi chini yake.

Naomie alikula peke yake, mgongo ukutani. Kila asubuhi aliitika vilevile.

Jumapili moja ya Mei, saa tisa alasiri, wazazi walijaa uani na vyungu vya chakula. Naomie hakutembelewa na mtu. Mbelu alimkuta anasoma chini ya dirisha la bweni, akaandika jina lake kwenye orodha ya wenye kelele.

"Kelele na nani, Mama Kapita?" Naomie aliuliza. "Mi niko peke yangu."

"Na balozi benzako, bale banakula akili na wewe. Simama."

Nyuma ya bweni kilikuwako chumba cha zamani cha kufulia. Prefe alikuwa amekifunga tangu mwaka uliopita, kwa sababu sakafu yake ilikuwa na ufa, na watu wa Kasulo huchimba kobalti chini ya nyumba zao na chini ya za majirani, wala hakuna ajuaye shimo la nani linaishia wapi. Atakayekifungua, prefe alisema mbele ya mistari, atafukuzwa siku hiyo hiyo, awe nani. Ufunguo ulikaa kwa kapita. Mbelu alikifungua, akampigisha Naomie magoti juu ya saruji, akafunga kwa nje. Alikusudia saa moja tu, aende akasalimie wazazi wake.

Aliporudi, kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Katikati ya sakafu palikuwa na tundu, pana kama beseni la kufulia. Hapakuwa na mtu.

"Mama Kapita."

Sauti ilitoka mbali, chini, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Mi niko huku. Muguu yangu imevunjika. Ita batu, tafazali."

Mbelu alisimama mlangoni, ufunguo mkononi. Uani baba yake alikuwa anacheka na prefe. Akaufikiria ufunguo. Akamfikiria yule mzee amesimama, mkono kwenye tai.

"Ngoja," akasema.

"Aksanti, Mama Kapita."

Akafunga mlango taratibu, usilie.

Jioni alitoa taarifa kwamba alimwona Naomie anapanda ukuta, anakimbilia barabara ya Fungurume. Hakuna aliyeshangaa. Prefe Lukusa alipiga simu ya baba yake Naomie mara mbili, haikupokewa. Mkaguzi wa shule alitarajiwa mwezi ule, na prefe hakutaka polisi langoni. Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina la kumi na tisa.

Jumatatu, Mbelu aliita majina.

"Mukendi."

"Niko."

Akaruka mstari mwekundu. Akavuta pumzi aite linalofuata.

"Niko, Mama Kapita."

Haikutoka kwenye mistari. Ilitoka chini ya ardhi, upande wa bweni. Wasichana wote waliisikia. Hakuna aliyekimbia, walisogeleana tu, taratibu, kama kundi linalonyeshewa. Mama Jocelyne alishika rozari.

"Mumesikia?" alinong'ona. "Mwili iko Fungurume, roho inatembea huku chini. Kapita, ni we ulimuona. Alipanda ukuta ao hapana?"

Neno moja lingetosha.

"Alipanda, Mama. Nilimuona na macho yangu."

Kisha wakaimba wimbo wa kufukuza shetani. Mbelu ndiye aliyeuanzisha.

Jumanne sauti iliitika kutoka chini ya chumba cha kulia, karibu zaidi na mahali aliposimama Mbelu. Ilikuwa imekauka. Baada ya kuitika iliendelea kusema kitu, polepole, lakini mchungaji aliyealikwa alikuwa tayari ameanza kupiga ngoma.

Jumatano sauti ilikuwa chini ya miguu ya Mbelu, aliyeshika daftari. Kwanza kuligongwa mara tatu. Kisha ikaitika. Tania, aliyelala jirani na Naomie kabla kitanda hakijahamishwa, alipiga magoti akaweka sikio kwenye udongo.

"Mama Jocelyne," akasema. "Anaomba mayi."

"Inuka."

"Mulozi anasikia kiu, Mama?"

Mama Jocelyne alimpiga kofi. "Hivi ndiyo banadanganya batu," alisema. "Banaomba mayi. Ukibapa, banakula wewe." Akamgeukia Mbelu. "Kapita. We unajua sauti yake. Ni yake kweli?"

Mbelu aliisikia vizuri. Ilikuwa inahesabu pumzi. Ilikuwa inalia bila machozi.

"Si sauti ya mutu," alijibu.

Wakamwaga chumvi juu ya mahali pale. Waliimba mpaka saa mbili asubuhi, na walipokoma, chini palikuwa kimya. Mchungaji akashukuru.

Alhamisi mchimbaji aitwaye Tshilombo alikuja langoni na kiatu cheusi cha shule. Alikuwa kijana, matope hadi kwenye nyusi. Mbelu alitumwa kumwita prefe, akabaki kando.

"Tata Prefe, tulikipata ndani ya shimo yetu," Tshilombo alisema. "Kuko alama ya mikono kwa ukuta, mita na mita. Ule mutoto alikuwa anajikokota. Alikuwa anafuata sauti ya benzake. Majina munaita inasikika mpaka chini kule, na alama zote zinakuja huku. Tukifika mbele, udongo imeanguka. Tusaidiane kuchimba."

Prefe hakukipokea kiatu.

"Shimo yenu iko chini ya shule yangu," alisema. "Polisi wanajua?"

Kijana akakiweka kiatu chini, akaenda zake. Adhuhuri hiyo lori la kifusi liliingia. Mbelu mwenyewe alileta ufunguo wa chumba cha kufulia, na hakuna aliyemwuliza kwa nini kufuli lilifunguka bila kukwama, wala prefe hakulitazama lile tundu mara ya pili. Walimwaga kifusi, wakamwaga saruji. Mmoja wa vibarua aliona kwenye ukingo wa tundu alama za vidole vinne. Alizipiga sepetu zikafutika.

Ijumaa, Mbelu aliita majina kwa sauti kubwa, haraka, bila kupumzika. Mukendi akaitika. Akaruka mstari mwekundu.

"Niko, Mama Kapita."

Safari hii haikutoka chini. Ilitoka mstarini, kwa kimo cha mtu, mahali pa kumi na tisa. Pale palikuwa wazi. Mbelu aliwatazama wenzake. Hakuna aliyesikia. Tania peke yake alikuwa amesogea kidogo pembeni, kama anayempisha mtu.

Ilikuwa hivyo Mei yote. Ilikuwa hivyo Juni. Kila asubuhi hatua moja mbele. Wiki ya mitihani pumzi ilikuwa shavuni mwake. Baridi. Yenye harufu ya udongo uliolowa. Lakini mkono wake uliandika mitihani vizuri kuliko mwaka wowote, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumpita. Jumamosi kabla ya matokeo alimpigia baba yake simu.

"Tata, usimame," alimwambia.

Siku ya matokeo, mwanzoni mwa Julai, ukumbi ulijaa saa nne asubuhi. Jua lilipita madirishani hadi kwenye sakafu ya saruji. Prefe Lukusa alisoma kuanzia wa mwisho. Wasichana waliitika, wakaenda mbele, wakapokea karatasi zao. Lilipobaki jina moja, Tata Tshimanga alisimama. Alikaza tai.

"Wa kwanza, Mbelu Tshimanga."

Mbelu alifungua kinywa.

Hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Midomo ilisema neno lile, wazi, mbele ya watu wote, bila sauti. Midomoni palikuwa na vumbi la kijivu.

Ndipo jibu lilipokuja. Lilitoka chini ya sakafu, mbali, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Na Tata Tshimanga aliijua sauti hiyo tangu ilipokuwa ya mtoto mchanga.

"Niko, Tata. Mi niko huku. Muguu yangu imevunjika. Ita batu."

Mzee alibaki wima, mkono shingoni. Alimtazama binti yake aliyesimama mbele yake mzima, kinywa wazi. Kisha akaitazama sakafu. Akapiga magoti polepole, akaweka sikio kwenye saruji.

"Mbelu," akanong'ona.

"Anaomba mayi," alisema Tania, bila kuulizwa.

Mama Jocelyne alikuwa tayari ameanza kuimba. Wengine wakamfuata, kwa nguvu, kama walivyozoea, na ukumbi mzima uliimba mpaka chini pakanyamaza.

Mbelu yuko kwao hadi leo. Anakula, anaoga, hasemi. Kila asubuhi magoti yake yana matope meusi, ingawa nyumba yao imewekwa vigae. Baba yake ameacha kumwita kwa jina. Akimwita, anaitikiwa, na hawezi kuvumilia mahali linapotoka jibu.

Prefe Lukusa alilifungua daftari la mwaka ule ili alifungie kabatini. Jina la kumi na tisa lilikuwa na mstari wake mwekundu, kama alivyoupiga mwenyewe. Lakini mbele ya jina kulikuwa na nukta hata za siku zilizofuata. Jumatatu, Jumanne, Jumatano: nukta tatu za wino wa buluu, ndogo, safi, zisizogusa mstari, kwa mkono wa kapita. Siku hizo tatu mkono wa Mbelu ulijua kwamba aliyeitika alikuwa mtu, tena hai, ukamwandika. Kuanzia Alhamisi hadi siku ya matokeo nukta ziliendelea, moja kila siku, hakuna iliyokosekana. Hizo zilikuwa za matope, zimewekwa kwa ncha ya kidole.

Alilichoma daftari nyuma ya jiko, akasimama mpaka likawa jivu.

Septemba likaletwa jingine, bado limefungwa katika karatasi ya duka. Prefe alilifungua mwenyewe, mezani kwake. Kurasa zilikuwa nyeupe. Hapakuwa na jina hata moja lililoandikwa. Kwenye mstari wa kumi na tisa kulikuwa na nukta nyeusi ya matope.

Aliigusa. Ilikuwa mbichi.