Gunia la Manyoya

Kila Alhamisi asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kenny alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko hesabu. Mama yake, Connie, alikuwa na mgahawa mdogo wa kuku wa kuchoma karibu na mtaa wa Batsinda. Manyoya, matumbo na miguu ya kuku wa wiki nzima vilitiwa ndani ya gunia nyuma ya jiko, na Kenny ndiye aliyepaswa kulibeba hadi barabara ya juu, pale liliposimama lori la takataka.

"Kenny, lori halikungoji wewe! Beba uende!" mama aliita, huku akifunga mdomo wa gunia kwa ukanda wa kitenge cha manjano aliouchana kutoka kwenye aproni yake kuukuu.

Gunia lile lilivunda. Lilikuwa na uvundo mzito wa damu iliyolala, ule unaoingia puani na kukaa humo mpaka saa ya chakula. Maji ya hudhurungi yalichuruzika kutoka kwenye matundu yake na kumteremkia Kenny mgongoni. Siku moja funza alimtambaa shingoni, naye akatapika chai yake yote kando ya njia.

Tangu siku hiyo hakufika tena barabara ya juu. Njia ilipita kando ya mtaro uliofunikwa na magugu marefu. Kenny alitazama huku na huku, akalisukuma gunia kwa mguu, likaporomoka ndani, naye akarudi nyumbani kunawa kwa sabuni. Wiki iliyofuata alifanya vilevile, na iliyofuata pia. Hakuna aliyemwona.

Kenny alikuwa mwanachama wa klabu ya video ya vijana wa mtaa. Mlezi wao alikuwa Mwalimu Sangwa, aliyefundisha siku za kazi na kupiga video za harusi siku za mapumziko. Jioni moja aliwakusanya.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuna umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima," alisema. "Tukimaliza usafi, wakazi wote watakaa kikao, na tumepewa nafasi ya kuonyesha filamu yetu. Tutawaonyesha ule mtaro."

Jovia, mwanachama mwenzake Kenny, alikuwa wa kwanza kuinua mkono. "Afadhali, Mwalimu. Mdogo wangu Gisa ametoka hospitali ya Kibagabaga juzi. Aliharisha mpaka macho yakamwingia ndani. Daktari alimuuliza mama, watoto hucheza wapi? Maji ya mtaro ule yanapita mlangoni petu, na mama anaogopa yule mtoto asije akaugua tena."

Kenny akainamisha uso, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Klabu ilikuwa na kamera na gimbali, ule mkono wenye mota unaoishika kamera ili picha isitikisike mtu anapotembea. Walichokosa ni monita isiyo na waya. Jovia, aliyechaguliwa kushika gimbali, angeshuka mtaroni peke yake, na wenzake wangebaki juu wakiona anachokipiga na kumwongoza. Duka moja la mjini lilikuwa limemwazima Mwalimu seti mbili ili klabu ichague moja.

Ya kwanza ilikuwa na monita kubwa yenye kioo king'avu. Kifaa chake cha kurushia picha kilikuwa kizito, kina antena mbili kama masikio ya sungura. Picha yake ilifika mbali sana, lakini iliingia kwenye monita ile moja tu. Seti ya pili ilikuwa na kifaa kidogo kama kiberiti. Picha yake haikufika mbali, ila iliweza kuonekana kwenye simu nne kwa wakati mmoja.

"Mimi nachagua ile kubwa," Kenny aliharakisha kusema. "Nitaishika mimi. Nitakaa juu kabisa, mbali, harufu isitufikie."

"Sha, rafiki yangu, wewe una pua ya balozi!" alisema Nduwayo, mwanachama mwingine, na wote wakacheka.

Kenny alicheka pamoja nao, lakini alikuwa na lake moyoni. Macho yangekuwa yake peke yake. Angemwongoza Jovia apite mbali na magunia, na hakuna mwingine ambaye angejua.

"Kifaa hakichaguliwi mezani," alisema Mwalimu. "Harusini mimi hujaribu ukumbi ukiwa mtupu, kisha najaribu tena wageni wakishakaa, maana simu zao huvuruga mawimbi. Jumamosi hii tutajaribu palepale mtaroni."

Jumamosi ilikuwa ya jua kali, na mtaro ulinuka hata kabla hawajaufikia. Jovia alivaa buti, glavu na barakoa. Walipofunga kifaa kile kizito, gimbali ilielemea upande, mota zikaanza kunguruma. Mwalimu akaisawazisha tena kwa subira.

"Mkono utakatika, Mwalimu," alisema Jovia, kisha akashuka kwenye magugu.

Kenny alikaa juu ya jiwe na monita yake. Picha ilikuwa safi, safi kupita kiasi. Aliona tope jeusi linalotoa mapovu. Akaona nepi iliyofumuka, maganda ya ndizi yenye ukungu, na nzi wa kijani waliojipanga kama shanga. Halafu, katikati ya kioo, likatokea gunia. Mbwa walikuwa wamelirarua. Matumbo yalikuwa yamegeuka rangi ya kijivu, na ndani yake funza walikuwa wakichemka kama wali jikoni. Kwenye mdomo wa gunia ulining'inia ukanda wa kitenge cha manjano.

Chai ilimpanda Kenny hadi kooni. Aliimeza tena, chungu. Kidole chake kikabonyeza kitufe, na kioo kikawa cheusi.

"Picha imekatika!" alipiga kelele. "Jovia, ruka hapo! Pita kushoto!"

Mwalimu alimjia mbio. "Imekatika kabisa?"

"Kabisa, Mwalimu. Hata mimi nashangaa."

Mwalimu alitazama kioo cheusi, akatikisa kichwa. "Basi hii imeshindwa. Kama haiwezi kufika hapa tu, itatusaidia nini? Jovia, panda! Tunafunga ile ndogo."

Ndipo Kenny alipoelewa alichojifanyia. Monita aliyoitaka kwa hila ndiyo iliyokataliwa kwa sababu ya uongo wake mwenyewe.

Kifaa kidogo hakikuielemea gimbali hata kidogo. Simu nne, nyingine zimeazimwa kwa wazazi, zikawashwa. Jovia akashuka tena, na safari hii wote wakaona.

"Ayiii! Ni nini kile kinachotikisika?"

"Funza. Mungu wangu, ni funza!"

Nduwayo alitema mate pembeni. "Aliyetupa hii ni mchafu kuliko huo uchafu wenyewe. Watoto wanacheza humu!"

"Ni manyoya ya kuku," alisema Kamikazi, mwenzao wa klabu. "Nani anafuga kuku hapa? Si yule bibi Pudentienne? Nyumba yake ndiyo hiyo. Tupige picha mlango wake, kikao kizima kimwone."

"Ndiyo! Aone aibu!"

Wakati huohuo bibi Pudentienne alikuwa ametoka na ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Alimwona Jovia akipanda, akainama kwa taabu na kuanza kumwagia maji kwenye buti zake. "Nawa vizuri, mwanangu," alisema. "Maji yapo mengi, nitateka mengine."

Kenny alitazama mgongo ule uliopinda. Uvundo wa mtaro ulikuwa puani mwake, lakini kilichomtia kichefuchefu sasa ni mikono yake mwenyewe, iliyokuwa ikinukia sabuni kila Alhamisi.

"Si yeye," alisema.

"Unasemaje?" aliuliza Mwalimu.

"Gunia ni la kwetu. Kitenge kile ni cha aproni ya mama. Yeye hajui. Huniagiza nipeleke kwenye lori, nami hulitupa hapa." Akaionyesha kwa kidole ile monita kubwa. "Na picha ya kwanza haikukatika, Mwalimu. Niliizima mimi."

Jovia alishusha barakoa. "Gisa alitapika mpaka hakubaki na kitu tumboni, Kenny. Kumbe wewe uliogopa harufu?"

Mwalimu Sangwa alikifunga tena kile kifaa kizito, akaiwasha ile monita kubwa na kumtuma Jovia ashuke mara moja zaidi. Picha ilifika bila tatizo. "Kumbe nilikuwa nairudisha dukani kwa kosa isilolifanya," alisema. "Sasa zote mbili zinafanya kazi. Kenny, wewe ndiye uliyezificha picha. Tuambie, tuchague ipi?"

Kenny alifuta macho kwa mkono wa shati. "Ndogo, Mwalimu. Haimchoshi Jovia. Tena ile kubwa inaonwa na mtu mmoja, na mtu mmoja anaweza kuizima."

"Umeulizwa na umejibu," alisema Mwalimu. "Leta glavu."

Kenny alishuka. Tope lilimshika miguu, nzi wakamvamia midomoni. Alipolikumbatia gunia, maji yake baridi yalimwagika kifuani, naye akatapika kweli mbele ya kamera. Jovia hakuzima.

"Songa kushoto," alisema. "Lipo jingine. Usiruke hapo."

Akaenda kushoto.

Jioni ile Kenny alimweleza mama yake kila kitu. Connie hakumpiga. Aliutazama ukanda wa kitenge ambao Kenny aliuleta kutoka mtaroni, kisha akatoka kwenda kwa mama yake Jovia na kwa bibi Pudentienne kuomba radhi. Aliporudi alinunua pipa lenye mfuniko lisilovuja. Siku ya umuganda alikuwa wa kwanza kufika mtaroni na jembe lake.

Filamu ilipoonyeshwa, watu wazima walifunika pua ingawa picha haina harufu. Baadhi yao waliinamisha nyuso, kwa maana magunia hayakuwa ya kuku peke yake. Kikao kikakubaliana kila nyumba ipeleke taka kwenye lori, na mtaro usafishwe kila mwezi.

Walipokuwa wakikunja nyaya, Mwalimu Sangwa alimshika Kenny begani.

"Kuona kinyaa si kosa," alimwambia. "Ndiyo mwili unavyokuonya ukae mbali na ugonjwa. Lakini ukiutupa uchafu wako mlangoni pa mwingine hujauondoa. Umempa yeye harufu, na mtoto wake umempa ugonjwa. Mtu safi ni yule anayeufikisha uchafu wake mahali pake, hata kama anatapika njiani."

Alhamisi iliyofuata Kenny alilibeba pipa mpaka barabara ya juu, akasimama kusubiri lori. Jovia alipita akielekea shule, amemshika Gisa mkono. Akaziba pua kwa vidole viwili.

"Sha, unanuka kuku!"

"Najua," alisema Kenny, na hakuondoka pale mpaka lori lilipofika.